Ukuta wa Nyimbo za Delia

Halmashauri ilipoamua kuivunja nyumba yangu haikuja kuniambia. Ilituma barua. Mimi na herufi hatujawahi kuelewana, kwa hiyo nilimwambia mtu wa posta anisomee palepale mlangoni, naye akasoma huku akirudi kinyumenyume kuelekea baiskeli yake, kana kwamba maneno yale aliyatunga yeye.

Barua ilisema barabara itapanuliwa ili basi lipite.

Barabara! Ni hiyohiyo tuliyoomba miaka nenda miaka rudi iinuliwe kidogo pale kwenye kona, maana kila baridi ikiingia mto ulikuwa unapanda na kuikalia. Wakatuambia hakuna fungu. Kifua kilipombana mke wangu Delia, gari la daktari lilifika ng'ambo ya maji, likasimama, likageuza. Sasa Delia yuko makaburini, fungu limepatikana, na basi halina pa kupita ila katikati ya jiko lake. Wakubwa wetu wana akili, sikatai. Ila akili yao huwasili baada ya mazishi.

Nyumba mpya walinipa, nayo nisiisingizie: ina bomba ndani, ina madirisha yanayofunguka. Nikawaambia sihami. Kijiji kizima cha Cloonagarve kikasema Murt Talty amekuwa mkaidi uzeeni. Mkaidi nilikuwa tangu ujana, hilo halikuwa jipya. Lakini hakuna aliyekisia kwamba shida yangu ilikuwa ukuta mmoja tu.

Ulikuwa ule ukuta wa kando ya moto, upande unaopigwa na upepo wa magharibi. Tangu usichana wake Delia hakupata kwenda mnada wa ng'ombe akarudi bila wimbo. Mnawajua wale waimbaji wa minadani, mkono mmoja sikioni, mkono wa pili umeshika bunda la karatasi ndefu nyembamba, kila karatasi na wimbo wake na picha juu. Wasichana wengine walinunua utepe wa nywele. Delia alinunua wimbo. Akishaujifunza, aliupaka uji wa unga nyuma akaubandika ukutani, kwanza uzibe upepo, pili uwe karibu. Nafasi ilipokwisha alianza upya juu ya zile za zamani. Mpaka anafariki ukuta ule ulikuwa umenenepa kama godoro. Ukiugonga haukulia kama ukuta, uliguna kama mtu aliyeshiba.

Na chini kabisa ya zote, juu ya chokaa iliyopakwa upya kwa ajili ya harusi, aliubandika wimbo wake mwenyewe, wiki ile tuliyooana. Unaitwa Msichana wa Kivuko. Nasema wake kwa sababu hapa Cloonagarve hakuna mwingine aliyeuimba. Ni habari ya msichana anayekaa kivukoni akiwakataa wachumba, kila mashua na mchumba wake:

Fundi viatu sitaki, ana gundi mikononi,
Mwokaji naye sitaki, ana unga sikioni,
Karani yule sitaki, wino kaweka moyoni,
Nitamngoja wa mwisho, mwenye maji kiatuni.

Mimi nilikuja kumposa kwa mashua ya makasia kutoka ng'ambo ya mto, na mashua ilivuja. Basi akifika kwenye kile kiatu alinitazama, na nyumba nzima ikanigeukia ikacheka. Miaka yote ya ndoa yetu nilichekwa hivyo. Tangu afe sikuwa nimechekwa tena.

Kuna jambo lililokuwa limenikaa kooni. Huko kwetu ng'ambo, mwimbaji akifa, wimbo wake ndio wa kwanza kuimbwa matangani, na kila Novemba huimbwa tena ili usipoe. Matangani kwa Delia watu wa hapa waliimba kila kitu. Waliimba hadi habari za meli zilizozama na mbuzi waliopotea. Wimbo wake, hakuna. Nilikaa na kiko changu nikaitazama ile midomo iliyofungwa, mmoja baada ya mwingine. Tangu siku ile sikukanyaga nyumba ya mtu kwa ajili ya muziki. Na mimi mwenyewe siwezi kuuimba: sauti yangu ni ya lango lisilotiwa mafuta, na ubeti wa mwisho ulishanitoka kichwani. Kwa hiyo wimbo ule ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani, chini ya karatasi za ukuta ule. Ukuta ukianguka, Delia angekwenda mara ya pili, na mara zote mbili kwa ajili ya barabara ileile.

Jumatatu ya wiki ya kuvunja, mwanamke kijana alishuka baiskeli langoni, amevaa koti la mvua, nyuma amefunga kisanduku cha bati.

"Wewe ndiye Mzee Talty?"

"Inategemea nani anauliza. Kama ni halmashauri, alishakufa."

"Pole sana. Alikufa lini?"

"Ngoja kwanza nijue wewe ni nani."

"Naitwa Ita Hehir. Natoka maktaba."

"Maktaba ni ya nani?"

Akasita. "Ni ya... halmashauri."

"Basi alikufa jana. Kwaheri, binti."

Nikafunga mlango. Mlango wetu ni wa vipande viwili, cha chini na cha juu. Kwa hasira nilifunga cha chini nikasahau cha juu, kwa hiyo tukabaki tumetazamana.

"Nimeambiwa una ukuta," akasema.

"Kila mtu ana ukuta. Ila mimi, kuanzia Ijumaa."

"Wenye nyimbo, mzee. Nakusanya nyimbo za karatasi, zile za minadani. Watu wamewashia moto, wamefungia siagi, wameziba nazo matundu ya panya. Kila nyumba ninayofika naambiwa, ungekuja mwaka jana. Nikasikia wewe bado unazo."

"Nani kasema?"

"Mtu wa posta."

"Yule alifundishwa kusoma, kunyamaza hakufundishwa." Lakini mvua ilikuwa imeanza kunyesha ya kweli, na Delia asingenisamehe kumwacha mgeni nje. Nikafungua.

Akauendea ukuta moja kwa moja. Alivua glavu, akaweka kiganja ukutani taratibu, kama unavyomgusa ng'ombe usiyemjua. Akanusa. Akainua kona moja kwa ukucha, akaona karatasi nyingine chini yake, na nyingine chini ya hiyo, akageuka kunitazama macho yamemtoka.

"Hizi zinatoka, mzee. Kwa mvuke. Birika likichemka karibu nazo, gundi ya unga inalainika, karatasi inajiachia yenyewe. Kinachotakiwa ni subira tu."

"Mpaka ile ya chini kabisa?"

"Nikipewa siku za kutosha."

"Siku wanazo wenzako. Zangu wameshaninyang'anya." Nikamweleza kuhusu Ijumaa, na kuhusu ile ya chini. Nilisema, "Za juu zote chukua, kaziweke mjini zipate kusomwa na watu wenye viatu vikavu. Ile moja haingii kwenye sanduku la mtu."

"Nikiitoa salama, utaniruhusu niinakili?"

"Ukiitoa salama, hata nikiambiwa nikubebe mgongoni hadi Dublin nitakubeba."

"Basi weka birika, mzee. Dublin nitaenda kwa treni."

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda kidogo, ingawa alikuwa wa halmashauri.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mimi nilishika birika, likitoa moshi puani kama farasi wa baridi, na maji yakinidondokea miguuni. Yeye alipitisha kisu butu nyuma ya karatasi, akaivuta kama anamvua mtoto shati bila kumwamsha. Akailaza juu ya kitanda changu ikauke. Halafu akakaa mezani na kuiandikia kadi yake: jina la wimbo, mstari wa kwanza, mchapaji, picha, na mahadhi, yaani sauti unayoimbiwa. Wimbo mmoja, kadi moja. Kitanda kikajaa, meza ikajaa, tukatandaza juu ya viti, na mimi nikalala kwenye kochi la jikoni kama mgeni kwangu.

Mimi nyimbo nilizijua kwa picha. Lakini nikagundua kwamba picha zilikuwa zimenidanganya maisha yangu yote.

"Huu ni wa meli," nikamwambia.

"Huu ni wa mwanamke aliyemtilia mumewe sabuni kwenye chai."

"Mbona kuna meli?"

"Mchapaji alikuwa nayo. Ukiwa na kibao cha kuchapia picha ya meli, unachapa meli." Akaandika kwenye kadi: picha, meli. Wimbo wa fahali aliyekula kofia ya hakimu, huo ulikuwa na picha ya malkia amekaa kwenye kiti chake. "Na huyu?" nikauliza.

"Labda ndiye mama wa fahali," akajibu bila kuinua kichwa.

Matatizo yalianza kwenye mahadhi. Karatasi zile hazina noti za muziki. Chini ya jina wameandika tu, uimbwe kwa mahadhi ya wimbo fulani, basi, kana kwamba kila mtu anaujua. Jumanne asubuhi nilimwona ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mzee, huu wa fahali unasema uimbwe kwa mahadhi ya Harusi ya Kinyozi."

"Sawa."

"Harusi ya Kinyozi nimeipata, hii hapa. Inasema iimbwe kwa mahadhi ya Sabuni ya Bibi Kane."

"Vizuri."

"Na Sabuni ya Bibi Kane inasema iimbwe kwa mahadhi ya fahali."

"Huyo aliyezichapa," nikasema, "bila shaka alikuwa diwani."

Akacheka mpaka akapaliwa. Halafu akauliza nani hapa kijijini anajua kuziimba. Nikamwambia, wote, na usimwite hata mmoja. Akachukua ndoo, akaenda kisimani kuteka maji ya birika. Aliporudi, ndoo ilikuwa imebebwa na watu wawili, na wa pili alikuwa Nonie Marrinan.

Nonie ni jirani yangu wa mbele, amenizidi umri na ulimi. Zamani yeye na Delia walikuwa wakiimba hapa jikoni mpaka mbwa anaomba kutoka. Alisimama mlangoni akajifuta mikono kwenye aproni.

"Sijaingia humu tangu matanga," akasema.

"Mlango haukuhama."

"Uliyehama ni wewe, Murt, ingawa umekaa palepale." Akaweka ndoo chini. "Haya, binti. Fahali gani anakusumbua?"

Na akaimba. Sauti ilikuwa imebaki kama mlio wa kikapu kikuukuu, lakini mahadhi yalikuwa yamenyooka, na Bi Hehir akayaandika kwa vidoti vyake haraka kama mtu anayekamata kuku. Kumbe zote tatu zilikuwa sauti moja. Nonie akashangaa kuulizwa. "Si kila mtu anajua hilo?" akasema.

Baada ya hapo nilishindwa kuwazuia. Mmoja alikuja eti kuazima koleo, mwingine eti kuniuliza hali. Jumatano jikoni hapakuwa na pa kuweka mguu. Karatasi inatoka ukutani, Bi Hehir anasoma mstari wa kwanza kwa sauti, na kabla hajafika wa pili jiko zima limeshaudaka. Waliimba wa kinyozi aliyemnyoa bwana harusi nyusi. Waliimba wa askari aliyerudi vitani akakuta mkewe ameolewa na mwingine, farasi wake naye ameuzwa, na wakabishana vikali ni lipi lililomuuma zaidi. Wenye umri wangu walisema farasi. Bi Hehir alikuwa na uso mwekundu kwa mvuke, nywele zimemganda, na kila baada ya muda anapaza sauti: "Polepole! Mahadhi haya ni yapi? Anayejua anyooshe mkono!" Wananyoosha wote, na kila mmoja ana lake.

Mimi nilishika birika na uso wangu niliufunga. Mguu ndio ulionisaliti. Niliukuta unapiga sakafu wenyewe, nikaukanyaga na ule mwingine. Kwa sababu nilikuwa nikiwatazama wale, nikisema moyoni: mnakumbuka fahali, mnakumbuka sabuni, mnakumbuka nyusi za kinyozi. Yeye hamkumkumbuka.

Ijumaa asubuhi wakaja na mitaimbo. Mnyapara wao alikuwa Packo Garrihy, jitu lenye mabega ya kabati na kofia ya mtoto. Wiki nzima alikuwa akichimba mtaro nje ya ua wangu, na wiki nzima nilikuwa namtukana kupitia juu ya ua. Sasa akasimama mlangoni, anatazama viatu vyake.

"Mzee Murt, leo ndiyo leo."

"Kwa nani?"

"Kwangu mimi. Nikirudi ofisini sijavunja, nitavunjwa mimi."

"Wakuvunje vizuri. Wana uzoefu."

Bi Hehir alikuwa juu ya kiti, kisu mdomoni. Akakitoa. "Bwana Garrihy, tumebakiza karatasi moja. Mtakunywa chai?"

Packo akamtazama, akautazama ukuta, akautazama mkate wa Nonie uliokuwa ukitoka motoni. "Kanuni hazijakataza chai," akasema. Akawageukia vijana wake. "Anzeni na paa, upande wa kule. Upande huu nitauangalia mwenyewe."

Basi wakaanza kung'oa nyasi za paa chumbani huku sisi tuko jikoni, na vumbi la nyasi za babu yake Delia likatuangukia ndani ya vikombe. Hakuna aliyejali. Watu wote walikuwa wameugeukia ukuta, maana walijua ni ipi iliyobaki. Ilikuwa pale, ya kahawia kama jani la chai, na ile meli ya milingoti mitatu juu yake, wakati kivuko chenyewe kilikuwa mashua ya makasia mawili.

Niliinua birika. Bi Hehir akapitisha kisu. Juu iliachia vizuri: ikaja meli, likaja jina, ukaja ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Halafu mkono wake ukasimama.

"Nini?" nikasema.

"Chokaa, mzee." Sauti ilikuwa ndogo. "Zile nyingine zilibandikwa juu ya karatasi, au chokaa ikishakauka. Hii ilibandikwa kwenye chokaa mbichi. Imeliwa."

Akavuta kidogo, na nusu ya chini ikaanguka kama unga wa muhogo. Ukutani kukabaki alama nyeupe, si herufi, si kitu. Akashuka kitini ameishika ile nusu ya juu kwa viganja viwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka, au ulikuwa mvuke. "Nisamehe," akasema. "Inaishia kwenye kiatu. Ubeti wa mwisho hakuna. Mahadhi pia hayakuandikwa." Akawageukia watu. "Lakini si mnaujua? Mmeimba zote. Nani ataniimbia huu?"

Nilizungusha macho jikoni. Mmoja anatazama paa, ingawa paa lilikuwa linaondoka. Mwingine anatazama kikombe. Nonie anatazama aproni yake. Ilikuwa midomo ileile ya matangani.

Hapo nikaliweka birika chini kwa kishindo. "Umeona, binti? Wa fahali wanaujua! Mke wangu ameimba jikoni humu mpaka nyasi za paa zinamjua, na hakuna hata mtu mmoja aliyeona wimbo wake unastahili kukumbukwa. Halmashauri ilimwacha afe upande wa pili wa maji, nanyi mkamaliza kazi matangani. Bebeni mitaimbo. Vunjeni. Nitawasaidia!"

Hata vijana wa juu ya paa wakaacha kung'oa.

"Murt," Nonie akasema taratibu, "hivi unasema kweli, au hujui?"

"Sijui nini?"

"Wimbo ule tunaujua sote. Kila neno. Nikilala nausikia. Lakini si wetu." Alisimama. "Hapa wimbo una mwenyewe. Akiwa hai, hakuna mwingine anayeuimba. Akifa, unalala naye mpaka mwenye nyumba autoe kwa mtu, kwa jina lake, mbele ya watu. Matangani tulikungoja. Tuliimba kila upuuzi tunaoujua, tunakungoja useme jina. Ukakaa na kiko chako umenuna kama ukuta wa kanisa. Tukasema, hajawa tayari. Mpeni nafasi."

"Miaka yote hii?"

"Ulikuwa umenuna miaka yote hii."

"Na hakuna aliyeweza kuniambia?"

"Nani aende kwa mgane akamwambie, nigawie wimbo wa mkeo? Si ni sawa na kumwomba viatu vya marehemu?"

Kumbe ni mto mmoja tu unaotutenga, tena hata mashua mbovu inaweza kuuvuka, na watu wa huku wananyamaza kwa heshima ileile ambayo watu wa kule wanaimbia. Mimi nilipaswa kuuliza, kweli. Lakini na wao pia wana ndimi.

"Basi chukua wewe, Nonie," nikasema.

"Mimi? Sauti imekwisha, na mwenyewe nafuatia. Utakuwa unanizika nao tena. Mpe mwenye mapafu." Na macho yake yakaenda mlangoni.

Packo Garrihy alikuwa amesimama kizingitini, kikombe mkononi, kofia kwapani.

"Wewe," nikasema. "Midomo yako inafanya nini?"

"Natafuna, mzee."

"Mkate uliisha zamani."

Akawa mwekundu hadi shingoni, na vijana wake juu ya paa wakaanza kuguna. "Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakuja kusikiliza chini ya dirisha lile," akasema. "Nilidhani hanioni. Lakini akifika ubeti wa mwisho alikuwa analifungua dirisha."

Mungu wangu, lile dirisha! Kila mara katikati ya wimbo Delia anainuka kufungua dirisha, baridi inaingia, namwuliza kwa nini, naye ananiambia jiko lina moshi.

Kumpa mtu wa halmashauri! Nilimwangalia Packo, nikaangalia mtaimbo alioegemeza mlangoni pangu. Halafu nikamwuliza Nonie inafanywaje. Akasema, mshike mkono, taja jina lake na jina la wimbo, na usiuachie mkono mpaka amalize.

Nikamshika. Mkono kama koleo.

"Packo Garrihy," nikasema, "wewe ni mtu wa halmashauri, na sijapata kupewa na halmashauri kitu chochote nisichokililia kwanza. Mimi nakupa Msichana wa Kivuko, wimbo wa Delia Talty. Ukiuharibu nitakuzika chini ya barabara yako mwenyewe."

"Nimeupokea, mzee."

Akafumba macho akaimba. Sikutegemea mwili ule kuwa na sauti ile, nyepesi, inapanda bila kusukumwa, na kila kona akiipinda pale alipoipindia Delia. Mkono wangu ukawa unazunguka na wake kama tunasaga kahawa. Alimkataa fundi viatu, akamkataa mwokaji, akamkataa karani na wino wake. Alipofika kwenye mwenye maji kiatuni, jiko zima, kwa pamoja, bila kuambiana, likageuka kutazama miguu yangu.

Na mimi nikatazama. Wiki nzima nilikuwa nimeshika birika linalodondoka. Viatu vyangu vilikuwa vimejaa maji mpaka kwenye kamba, na nilipojisogeza vikatoa sauti.

Walicheka mpaka mtu akaanguka kutoka kwenye benchi. Nonie alinipiga mgongoni kwa aproni. Bi Hehir alikuwa anacheka na kuandika, anacheka na kuandika. Packo hakusimama, akavuka juu ya kicheko kile kama mashua, akaingia ubeti wa mwisho, na mtu mmoja karibu na dirisha akanyoosha mkono akalifungua.

Mkiuliza sababu, sina jibu la kuwapa,
Mto mpana kavuka, bila hata ya kuapa,
Kavua viatu vyake, vikatweta kama papa,
Nikacheka, akacheka, na leo bado yu hapa.

Yu hapa, ni kweli. Nilikuwa pale.

Bi Hehir alitusomea kadi yake kabla hajaifunga kisandukuni. Alikuwa ameandika jina la wimbo, mstari wa kwanza, mchapaji hajulikani. Kwenye mahadhi aliandika: kutoka kwa Packo Garrihy, aliyepewa na Murt Talty, wimbo wa Delia Talty. "Na picha?" Nonie akauliza. "Meli ya milingoti mitatu," akajibu. "Ongeza kwamba inavuja," Nonie akasema, naye akaongeza, nimeona kwa macho yangu kalamu ikienda.

Ukuta uliangushwa saa nane mchana. Nilimwomba Packo mtaimbo nikapiga wa kwanza mwenyewe, ili wasije wakasema waliniondoa. Haukuguna tena, ulikuwa umekonda.

Sasa niko nyumba mpya. Basi linapita pale palipokuwa jiko la Delia mara mbili kwa siku, na maji yakipanda hata basi linakwama, wala sisemi kwamba nasikitika. Bi Hehir aliniletea masharti ya nyumba akanisomea, na moja linasema ni marufuku kubandika kitu chochote kwenye kuta za halmashauri. Nikamwuliza asome tena. Akasoma tena, halafu akaniuliza kama nina unga.

Ile nusu ya karatasi iko kando ya moto, na chini yake ubeti wa mwisho kwa mwandiko wa Bi Hehir. Safari hii tuliweka gazeti nyuma yake kwanza. Nimeambiwa mkaguzi atakuja Jumanne kuangalia kuta. Karibu sana. Nonie ataoka mkate, Packo nimemwambia awahi, na mkaguzi atakalishwa pale karibu na dirisha, ili ukifika ubeti wa mwisho alifungue yeye.